Mtoto anayeziba masikio: je, tumlipe mtaalamu aje nyumbani?

Tangu masomo yafunguliwe swali moja limerudi katika kikao chetu karibu kila juma, na kila mara linatoka kartye nyingine. Mama mmoja wa Ndosho ana mtoto wa miaka sita anayeziba masikio na kupiga makelele kila jirani anapowasha jenereta. Mwingine wa Majengo ana binti ambaye kumsuka nywele ni vita ya watu wazima watatu. Wa Himbi ana kijana anayekula fufu na ndizi tu. Ukiweka sombe katika sahani yake, hata pembeni, chakula chote kimeharibika kwake. Na mama mdogo aliyehangaika mwanzoni mwa 2025, kambi ya Bulengo ilipovunjwa, ana mtoto asiyetulia kabisa: anajigonga ukutani, anaruka kutoka juu ya meza, anakumbatia wenzake mpaka wanaanguka wakilia.

Sasa yule wa Ndosho ameomba mkopo katika AVEC yetu. Amesikia kuna mtaalamu anayefika nyumbani kwa watu, analipwa kwa dola kila anapokuja, na anamfundisha mtoto kuvumilia sauti, nguo na chakula. Kikao hakikukubali wala hakikukataa. Kilisema kwanza tuelewe tunalipia kitu gani. Tukaanza kuulizia kwa manesi, kwa walimu, kwa wamama waliokwisha kulipa. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na maneno ya majirani, kwa sababu ndiyo yanayofika kabla ya daktari. "Mama, huyu mtoto muko munamuharibu, mumupige kidogo ataacha." Hilo ni la kwanza. La pili linasemwa kwa sauti ya chini: mtoto anayeogopa maji, anayekataa kuguswa, asiyelala usiku, huyo si mtoto wa kawaida, apelekwe kwenye maombi, afungishwe chakula. Tunaheshimu maombi, wengi wetu tunasali. Lakini kumnyima chakula mtoto ambaye tayari anakula vitu viwili tu ni kumweka katika hatari, na kumwita mchawi ni kosa la jinai katika nchi hii. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi: kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Mama akisukumwa na familia ya bwana, ayataje maneno hayo. Yanasaidia.

Sasa kitu chenyewe. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Wataalamu wanaongeza mingine miwili isiyoonekana. Mmoja uko ndani kabisa ya sikio, nao ndio mizani ya mwili: unakuambia kama umesimama, umeinama au unazunguka. Mwingine uko katika misuli na maungio, ndio unaokuwezesha kubeba bidoni kichwani bila kuiangalia na kujua mkono wako uko wapi gizani. Habari zote hizo zinafika kwenye ubongo kwa wakati mmoja, na ubongo unachagua: hii ni ya maana, hii tuiache. Wewe uliyekaa sokoni Virunga unasikia makelele mia lakini unamsikiliza mteja wako tu. Kuna watoto ambao ubongo wao hauchagui vizuri. Kwao kila kitu kinaingia kwa nguvu ileile, mshono wa shati kama mwiba, mvua kwenye bati kama mawe. Wengine ni kinyume. Habari inawafikia kidogo mno, kwa hiyo wanaitafuta kwa kuruka, kugonga, kuzunguka, kutafuna kola ya shati. Yule mtoto wa Bulengo anaweza kuwa wa kundi hili la pili, na mtoto mmoja anaweza kuwa wa yote mawili: masikio yanasikia kupita kiasi, misuli inasikia kidogo.

Aliyeandika kwanza kwa mapana juu ya jambo hili ni mwanamke Mmarekani, A. Jean Ayres, aliyefanya kazi California na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1972. Alikuwa mtaalamu wa ergoterapi. Jina hilo linatuchanganya, maana hapa Goma tumezoea kine, yule anayenyoosha mguu uliovunjika. Kine anashughulika zaidi na mwili kutembea na kupata nguvu. Mtaalamu wa ergoterapi anauliza swali jingine: mtoto huyu ana kazi gani katika siku yake, na nini kinamzuia kuzifanya? Kazi ya mtoto ni kula, kuoga, kuvaa, kucheza, kuandika, kulala. Fani hiyo ilianza kupata umbo Marekani mwaka 1917, na vita vya kwanza vya dunia viliikuza, kwa sababu askari waliojeruhiwa walihitaji kujifunza upya kazi za kila siku. Kwa majirani zetu si mpya: Nairobi, chuo cha KMTC kimekuwa kikiwafundisha wataalamu hawa tangu 1968, Moshi kuna shule katika KCMC, na Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kinafundisha. Kwetu bado ni wachache sana, ndiyo maana aliyepo anaitwa nyumba hadi nyumba na analipwa kibinafsi.

Kabla ya dola hata moja kutoka, lakini, mtoto apite hospitalini. Hapa tunasisitiza sana, hata kama mama ataona tunamchelewesha. Mtoto anayeziba sikio anaweza kuwa na usaha ndani yake. Asiyeitika jina lake anaweza kuwa hasikii. Anayekataa kutafuna anaweza kuwa na jino bovu. Anayekula udongo, wengi wanasema ni tabia, lakini mara nyingi damu imepungua au kuna minyoo, na hiyo ina dawa ya bei ndogo. Anayekodoa macho na kupotea kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku anaweza kuwa na kifafa cha aina isiyoangusha. Mtaalamu wa kweli atakuuliza haya yote siku ya kwanza. Asiyeuliza, mshukuru na umsindikize mpaka barabarani.

Kuna jambo la pili, la kwetu sisi watu wa Goma peke yetu. Watoto wetu wamesikia Nyiragongo ikilipuka tarehe 22 Mei 2021, na tetemeko siku zilizofuata mpaka nusu ya mji ukakimbilia Sake na Gisenyi. Wamesikia mabomu na risasi ndani ya mji mwishoni mwa Januari 2025. Mtoto anayeruka mlango unapofungwa kwa nguvu, je, ni masikio yake au ni woga? Muulize mama moja tu: ilianza lini? Kama tangu uchanga alilia kwa sauti, kwa maji, kwa nguo, inawezekana ni namna alivyoumbwa. Kama alikuwa mtulivu, na yote yakaanza baada ya usiku ule, pamoja na ndoto mbaya na kukojoa kitandani, huyo anahitaji kwanza msaada wa moyo, na wasaidizi wa kisaikolojia, wale tunaowaita APS, wapo katika vituo vingi vya afya vya mji huu. Mara nyingine yote mawili yamo ndani ya mtoto mmoja. Mama wa Ndosho anasema wake aliziba masikio hata alipokuwa na miaka miwili, kabla ya vita kufika mjini. Tulimwamini, na tukaendelea.

Jina la ugonjwa tuliseme wazi. Wengine wanakuja na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa kwamba mtoto ana "shida ya hisia", kana kwamba ni malaria iliyopimwa. Hakuna kipimo cha damu cha jambo hili. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwaambia wanachama wake wasilitumie kama jina la ugonjwa unaojitegemea, bali watafute kilicho nyuma yake. Kwa watoto wengi kilicho nyuma ni usonji, ambao madaktari wetu wanauita otisme. Tangu 2013 kitabu kikuu cha madaktari wa akili wa Marekani kinahesabu ukali au uzito wa hisia kama mojawapo ya dalili zake. Kwa wengine ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au asiyeweza kutuliza mawazo, au mtoto mzima tu mwenye ngozi nyepesi kuliko zetu.

Na je, tiba inasaidia? Tulitaka jibu la ndiyo, na hatukulipata zima. Marekani mwaka 2014 watoto 32 wenye usonji walifuatwa: waliopata tiba hii kwa majuma kumi walifikia malengo ambayo wazazi wao walichagua, kama kuoga au kuvaa, kuliko wale ambao hawakuipata. Hilo lilitutia moyo. Lakini Uingereza ulitangazwa mwaka 2022 utafiti mkubwa zaidi, wa watoto 138. Baada ya miezi sita, waliopata vikao 26 hawakuwa na hasira na fujo chache kuliko wale wa huduma ya kawaida. Wazazi wao hata hivyo walisema yale malengo madogo ya nyumbani yalisogea. Sisi tunasoma hivi: usilipe ili mtoto abadilike awe mwingine. Lipa, kama una cha kulipa, ili jambo moja au mawili ya siku yenu yawe mepesi.

Mmoja wetu alikaa katika nyumba wakati mtaalamu anafanya kazi, na kazi yenyewe ilimshangaza kwa udogo wake. Saa nzima ya kwanza hakumgusa mtoto. Alimuuliza mama asimulie siku, tangu kuamka mpaka kulala, akaandika ni wapi kilio kinaanza. Aliangalia mtoto akicheza na vizibo vya chupa. Aligusa shati la bleu-blanc na kulinusa. Kisha akamwambia mama achague mambo mawili tu. Mama alitaka kumi. Mwisho akachagua kuvaa shati la masomo bila kulia, na kukaa mezani na wengine. Kuanzia kikao cha pili mtaalamu alifanya kidogo, mama akafanya zaidi mbele yake, akasahihishwa.

Ndiyo maana tunasema mtaalamu akikufungia mlango na mtoto ndani, hapana. Akitaka malipo ya vikao ishirini mbele, hapana. Akikuambia uache dawa za kifafa, hapana tena na tena. Akiahidi kuponya, huyo anauza. Muulize alisomea wapi na akuonyeshe karatasi, maana wapo waliosomea masaji wakajipa jina hili. Hakuna aibu kuuliza; hata fundi wa bati tunamwuliza aliezeka nyumba ya nani.

Sasa yale ya nyumbani, ambayo hayana bei, na ambayo bibi zetu waliyajua bila kuyapa jina.

Uzito na kubanwa vinatuliza. Mtoto mchanga akilia tulimfunga mgongoni kwa kitenge, akalala. Mtoto mkubwa anayetafuta kugonga anahitaji kitu hicho hicho kwa njia ya heshima: kazi nzito kidogo, kabla ya saa ngumu na si baada ya vurugu. Abebe bidoni ya lita tano kutoka kwenye bomba, si ya ishirini. Asukume mfuko wa makala sakafuni. Akande unga wa mandazi kwa mikono miwili. Atwange sombe. Mwanaye mama wa Bulengo alipewa kazi ya kusukuma kichukudu cha mbao cha ndugu yake kupanda kilima kidogo asubuhi, na mwalimu ndiye aliyeuliza siku hiyo kuna nini, mbona amekaa. Si kila siku, mama anasema. Lakini siku tatu kati ya tano.

Kubembea nako kunasaidia mizani ya mwili, lakini msifunge kitenge kwenye boriti ya nyumba ya mbao. Nyumba zetu juu ya mawe ya volkano hazikujengwa kwa hilo. Watu wazima wawili washike ncha za kitenge, mtoto alale katikati, karibu na matresi, abembezwe polepole kwenda na kurudi. Msimzungushe. Akibadilika rangi, akitoka jasho au akitaka kutapika, acheni mara moja. Mwenye kifafa asifanyiwe bila ruhusa ya daktari. Na zile habari za kumlaza mtoto chini ya kitu kizito: kamwe si kwa mdogo, kamwe si usoni, kamwe si akilala peke yake. Mfuko mdogo wa maharagi juu ya mapaja, akiwa amekaa macho, unatosha.

Nywele: mkono mzima na wenye nguvu unaumiza kidogo kuliko ncha za vidole zinazopapasa. Mpake mafuta, mkandamize kichwa kwa viganja viwili kwa muda, kisha chana kuanzia chini. Mwonyeshe utasuka mistari mingapi, umwachie ahesabu. Binti wa Majengo sasa anavumilia mistari minne kwa siku, kichwa kinamalizika kwa siku mbili, na jirani akicheka nusu ya kichwa, acheke. Kuna mama aliyekata nywele zote, na hilo nalo ni jibu.

Nguo: shati jipya lifuliwe mara nyingi kabla ya siku ya masomo, lebo ikatwe yote mpaka mshono, au ndani avae fulana ya zamani laini iliyogeuzwa nje ndani. Mitumba ina faida hapa, imeshafuliwa na wengine. Maji ya kuoga: yapashwe moto kidogo kama makala yapo, mtoto ajimwagie mwenyewe kuanzia miguuni, na asimwagiwe kichwani kwa ghafla.

Chakula ndicho kigumu, na hatutadanganya. Kumlazimisha kunafunga mdomo zaidi. Sahani ya pembeni iwekwe mezani na sambaza mmoja tu ndani yake. Leo auangalie, juma lijalo aunuse, siku nyingine auguse. Mama wa Himbi amefika kwenye kugusa, baada ya miezi miwili. Wakati huo huo mtoto apimwe uzito kwenye kituo cha afya. Akipungua, mambo ya polepole yaachwe na daktari aamue.

Sauti: hatuwezi kuizima Goma. Tunaweza kumwambia mtoto kabla: "Sasa jenereta itawaka, moja, mbili, tatu." Tunaweza kumpatia kona yake, hata nyuma ya pazia la kikwembe, ambapo hakuna anayemfuata wala kumwadhibu. Kanisani tukae karibu na mlango, mbali na spika. Jirani mmoja, alipoombwa kwa adabu, alikubali kumwita mtoto kabla ya kuvuta kamba ya jenereta. Sasa mtoto ndiye anayemwambia "vuta". Bado anaziba masikio, lakini hakimbii.

Masomoni tuna shida nyingine. Tangu shule za msingi kuwa za bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kumpa mtoto wako kila kitu. Omba kitu kimoja kinachowezekana: akae mbele pembeni, karibu na ukuta, au atumwe kufuta ubao na kubeba madaftari ili misuli ifanye kazi. Walimu wengi wanakubali kitu kimoja. Mwalimu mkuu akitaka kumfukuza, ajue kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022, namba 22/003, inayolinda haki za mtu anayeishi na ulemavu, na masomo yamo ndani yake.

Kwa wasio na uwezo wa kulipa mtu wa kuja nyumbani, kituo cha Shirika la Umoja kinajulikana mjini kwa kuwahudumia watu wenye ulemavu, na HEAL Africa ni hospitali ambako daktari anaweza kuanza uchunguzi. Nendeni na daftari la majuma mawili: saa, kilichotokea kabla, mtoto alifanya nini, nini kilimtuliza. Daktari aliye na wagonjwa arobaini nje ya mlango atasoma ukurasa mmoja haraka kuliko atakavyosikiliza hadithi.

Na mkopo wa mama wa Ndosho? Kikao kilipiga kura juma lililopita. Amepewa fedha za kikao cha uchunguzi na vikao vitatu vya kumfundisha yeye, si za miezi sita. Wamama wawili wengine wa kartye hiyo watakaa naye, kwa ruhusa ya mtaalamu, wachangie nauli yake ya pikipiki. Baada ya kikao cha nne atatuambia kama kuvaa shati na kula na wengine kumesogea, naye ndiye atakayependekeza tuendelee au tuache. Wawili katika kikao walipinga, wakisema fedha za AVEC ni za biashara. Neno lao limeandikwa katika kitabu, na litazungumzwa tena wakati wa kugawana.

Mwenye kutaka orodha ya maswali ya kumwuliza mtaalamu kabla ya kumlipa, ainakili kwa katibu siku ya kikao. Aje na kalamu yake, na mtoto wake pia kama hana wa kumwachia. Kona ya nyuma, mbali na mlango wa barabarani, tumeiwekea mkeka.